Majivu Kabla ya Masika

Wale miongoni mwenu mliohudhuria ibada ya Jumatano ya Majivu mngali mnaukumbuka, naamini, ule mguso wa kidole gumba juu ya paji la uso, mguso mkavu wenye chembechembe, na pengine punje moja mbili zikawadondokea puani nanyi mkaona haya kuzipangusa mbele za watu. Majivu hayo hayaokotwi jikoni. Asili yake ni matawi yale yale mliyoyapunga mwaka uliotangulia siku ya Jumapili ya Matawi, ambayo kwetu pwani aghalabu ni makuti machanga ya mnazi au ya mtende. Mkayachukua nyumbani, mkayachomeka nyuma ya picha ukutani au juu ya kizingiti cha mlango, nayo yakakaa pale miezi kumi na zaidi, yakiuacha ukijani wake kidogo kidogo hata yakageuka rangi ya mkeka wa zamani. Ikaribiapo Kwaresima hurudishwa kanisani, na hapo msakristia huyatia katika karai kuukuu, akayawasha moto, akangoja yapoe, akayaponda, akayachekecha mpaka akapata unga mweusi, laini, mwepesi, ambao kikombe kimoja chatosha kupaka vichwa vya parokia nzima. Shangwe ya mwaka jana ndiyo iliyochomwa ikawa alama ya toba ya mwaka huu.

Walakini leo sikukusudia kusema habari za majivu, bali za yale yanayoyafuata, yaani saumu, sala na sadaka, na ile desturi ya kila mmoja wetu kujitwika mzigo fulani kwa muda wa siku arobaini, huyu akaacha nyama, yule akaacha pombe, mwingine akaacha sukari au sigara au soga za barazani. Na swali ninalotaka tuliulize pamoja ni hili, kwamba mizigo hiyo yote makusudi yake ni nini. Nauliza kwa sababu nimewasikia Wakristo wenzangu, watu wema wenye bidii, wakizihesabu siku za Kwaresima kama mfungwa azihesabuvyo siku za kifungo chake, hata ikawa Pasaka kwao si sikukuu ya Ufufuko bali ni siku ya kufunguliwa minyororo, na jioni yake wakayarudia yote waliyoyaacha, tena kwa kiu iliyozidi ile ya kwanza. Mtu akifanya hivyo miaka thelathini, huwa amefunga siku elfu moja na mia mbili. Na moyo wake waweza kuwa pale pale ulipokuwa.

Jina lenyewe Kwaresima latokana na neno la Kilatini lenye maana ya "ya arobaini", na ukizihesabu siku tangu Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu utapata 46, kisha ukizitoa Jumapili 6, ambazo Kanisa halikubali zifungwe kwa kuwa kila Jumapili ni Pasaka ndogo, zitabaki 40 kamili, kwa mfano wa siku alizokaa Bwana wetu jangwani. Desturi hii ni kongwe. Mtaguso wa Nikea uliokutana mwaka 325 waitaja arobaini hiyo katika kanuni yake ya tano kama jambo ambalo watu wamekwisha kulizoea, wala haukuona haja ya kulieleza. Na katika zama hizo Kwaresima ilikuwa zaidi ya yote majira ya wakatekumeni, yaani wale waliokuwa wakijiandaa kubatizwa usiku wa kuamkia Pasaka: wao walifunga, wakafundishwa, wakaombewa wiki baada ya wiki, na Wakristo wa zamani wakafunga pamoja nao, kama vile jamaa wanavyokesha na bibi arusi ingawa arusi si yao. Naliona jambo hili kuwa na uzito mkubwa kuliko tunavyolipa, kwa maana ladhihirisha ya kwamba tangu mwanzo saumu ya Kwaresima haikuwa shughuli ya mtu mmoja na tumbo lake. Ilikuwa ni kusindikizana.

Lakini katika wote waliopata kulijibu swali letu, sijakuta aliyelijibu vizuri kuliko mzee mmoja wa jangwa la Misri, barani kwetu Afrika. Mwishoni mwa karne ya 4, vijana wawili, mmoja jina lake Yohane Kasiano na mwenziwe Germano, walisafiri mpaka Sketi, jangwa lililojaa watawa waliojitenga na dunia, wakamwendea Abba Musa wakimsihi awape neno la kuwafaa. Na Kasiano, alipokuwa mtu mzima huko Marseille, katika miaka ya 420, aliyaandika mazungumzo hayo, nasi tunayo hata leo. Mzee aliwauliza swali kabla hawajamwuliza lao: mnajinyima chakula, mnakesha usiku, mmeacha nchi yenu na wazazi wenu, kwa makusudi gani? Wakamjibu kuwa ni kwa ajili ya Ufalme wa mbinguni. Akawaambia jawabu ni jema, ila halijakamilika, kwa sababu huo ndio mwisho wa safari, naye alitaka kujua jambo wanaloliendea sasa hivi, lililo mbele ya macho yao kila siku. Akawapigia mfano wa mkulima: mwanadamu yule huamka alfajiri, akavumilia jua na baridi, akaipindua ardhi ngumu, akang'oa miiba, wala hafanyi hayo kwa kuipenda miiba au jembe, bali azma yake ya karibu ni shamba safi, na tumaini lake la mbali ni mavuno. Kadhalika saumu, kesha na umaskini ni majembe. Shamba safi ni moyo ulio safi, ambao Abba Musa aliueleza kuwa hauna tofauti na upendo. Na asiyejua hayo huenda akalinoa jembe maisha yake yote asilime hata tuta moja.

Nilipousoma mfano ule mara ya kwanza nilikuwa kijijini, na nje ya dirisha langu watu walikuwa wakilima. Jumatano ya Majivu haiwahi kuangukia kabla ya Februari 4 wala kuchelewa kupita Machi 10. Basi yafikirieni majira hayo katika nchi zetu za pwani, Muheza au Kilifi, wakati kaskazi inapolegea, hewa ikawa nzito, na kila mwenye shamba akayatazama mawingu kwa hofu kwamba masika yatamkuta hajawa tayari. Panga husikika tangu mapambazuko. Vichaka hufyekwa, visiki hung'olewa, magugu hukwatuliwa na kukusanywa chungu chungu, kisha yakachomwa, na siku ya pili yake utakuta viduara vyeusi vya majivu vimetapakaa juu ya udongo mwekundu, na mkulima akivitawanya kwa mguu. Anajua ya kuwa majivu yale ni rutuba. Ndugu zetu wa Ulaya huifunga Kwaresima yao baridi ikiwa bado haijaisha, wakingoja machipuko, na hiyo ni hekima yao. Sisi Mwenyezi Mungu ametupa Kwaresima iliyo jirani na masika, na mtu aliyepakwa majivu kanisani asubuhi, akarudi shambani akayakanyaga majivu mengine, ana mahubiri ya kutosha chini ya nyayo zake.

Sasa niwaambie kisa kilichonifundisha haya kwa uchungu. Mwaka mmoja wa ujana wangu niliazimia kufunga kutwa, siku zote za Kwaresima zisizokuwa Jumapili, nisionje kitu mpaka magharibi. Na wiki mbili za mwanzo nilifaulu, nikajiona. Wiki ya tatu, mchana mmoja wa joto kali, kichwa kikiniuma na midomo imenikauka, bibi kizee mmoja jirani alibisha hodi mlangoni pangu akiwa na barua iliyokunjwa mara nne, akaniambia, "Mjukuu wangu, mwanangu kaniletea barua toka Dar es Salaam, nisomee nijue ana hali gani." Nami nikamjibu kwa sauti ambayo sikujua kuwa ni yangu: "Bibi, huoni nimepumzika? Njoo jioni." Aliikunja barua yake tena, taratibu, mara nne, akaondoka. Jioni nilifuturu nikamngojea, asije. Asubuhi nikaenda kwake, nikakuta barua imekwisha kusomwa na mtoto wa darasa la nne, na bibi akanikaribisha kigoda, akaniuliza habari za nyumbani kwa upole ule ule wa siku zote, kana kwamba si mimi niliyemfukuza; na upole huo ulinichoma kuliko matusi.

Abba Musa aliwaonya vijana wale kwa habari kama hii hasa, akasema kwamba hasara tuipatayo kwa kukasirika ni kubwa kuliko faida ya saumu, wala mtu asimdharau ndugu kwa ajili ya kuilinda kanuni yake. Na Kasiano asimulia mahali pengine ya kuwa yeye na mwenziwe walistaajabu kuona wazee wa Misri wakiifungua saumu yao pasipo kusita kila walipopata wageni. Walipomwuliza mmoja wao sababu, aliwaambia kuwa saumu anayo siku zote, lakini wageni hana uwezo wa kukaa nao siku zote, na kwamba katika mgeni humpokea Kristo. Mzee mwingine alikuwa amekwisha kutandika meza mara sita siku ile kwa wageni mbalimbali, akala nao wote ili wasione haya, na bado akaondoka mezani ana njaa. Nawasihi mumtafakari mzee huyo: mara sita alikula, na mara sita alifunga.

Tuje kwenye sadaka, maana hapa ndipo ninapoona Kwaresima ya wengi wetu inapovuja. Papa Leo Mkuu, aliyeliongoza Kanisa la Roma tangu 440 hata 461, hakuchoka kuwaambia watu wake mwaka baada ya mwaka kwamba kile anachojinyima mwenye kufunga na kiwe chakula cha fakiri. Na karne nyingi kabla yake nabii Isaya, katika sura ya 58, aliwakemea waliojiinamisha vichwa kama manyasi na kulalia nguo za magunia hali wafanyakazi wao wanaonewa, akawaeleza kuwa saumu aipendayo Mungu ni kuwafungulia waliofungwa na kumgawia mwenye njaa mkate. Kwa hiyo saumu isiyomfikia mtu wa pili ni nusu ya saumu. Mtu akiacha nyama siku arobaini, fedha ya nyama ile ikabaki mfukoni mwake, amefanya uchumi. Uchumi si dhambi, ila usiitwe ibada.

Mama yangu hakuwasoma Leo wala Kasiano, naye alilijua jambo hili kwa ukamilifu. Nazungumza habari za Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sukari ilipokuwa adimu nchini, watu wakisimama foleni tangu usiku kuipata kilo moja, na nyumba nyingine zikanywa chai kwa tende au kwa kipande cha muwa. Kwaresima ilipoanza, mama aliteremsha kopo tupu la maziwa ya unga, lenye bonde kifunikoni mahali lilipopata kuangukia jiwe, akaliosha, akalianika juani mpaka likakauka kabisa. Tangu siku hiyo kila asubuhi, alipokwisha kututilia sisi watoto sukari yetu vikombeni, alichota vijiko viwili vilivyo haki yake, akavisawazisha kwa ncha ya kidole visizidi wala visipungue, akavimimina katika kopo lile, kisha akainywa chai yake kavu, amesimama, akitazama nje. Kopo aliliweka ndani ya bakuli la maji ili sisimizi wasilifikie. Mimi nilikuwa na miaka minane, nikawa nalitikisa kwa siri kila juma nisikie uzito ulioongezeka. Hakutueleza neno.

Najua yuko msikilizaji anayesema moyoni: mimi sina cha kupunguza, mlo wangu ni mmoja kwa siku, nifunge nini? Huyo Kanisa halimdai. Sheria ya mfungo, kwa Wakatoliki, tangu katiba ya kitume ya Papa Paulo wa 6 ya mwaka 1966, imebaki katika siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, nayo sasa ni kwa walio kati ya miaka 18 na 59, na kutokula nyama Ijumaa kwa waliotimiza 14. Mgonjwa, mja mzito, mama anyonyeshaye na mwenye kazi ya sulubu wamesamehewa. Ndugu zetu Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga siku 55 pasipo nyama, maziwa wala mayai, na Waanglikana na Walutheri wa huku kwetu nao wana taratibu zao. Sidhani kuwa sheria iliyopunguzwa imetudhuru. Ilipunguzwa ili hiari ipate nafasi, ila wengi tuliifahamu kama kwamba imefutwa, nafasi ile ikabaki tupu, na shamba tupu halikawii kuota magugu.

Tena, katika Njia ya Msalaba tunayoifuata kila Ijumaa, vituo 14, napenda kukawia katika kituo cha tano, pale Simoni wa Kirene anapotwikwa msalaba. Kirene ulikuwa mji karibu na pwani ya Libya, basi naye katoka bara letu. Na Injili yasema alikuwa akitoka shamba. Yamkini mikono yake ilikuwa na udongo bado. Hakuuchagua mzigo ule, hakuuazimia tangu Jumatano, askari walimshika tu njiani; hata hivyo ndiye pekee katika umati wote ule aliyembebea Bwana msalaba wake. Mwenye kuuguza mzazi kitandani, mwenye kulea yatima wa nduguye kwa kipato kisichotosha, asihuzunike kwamba hana saumu ya kujivunia. Yuko pamoja na Simoni, na wajibu wa sisi wengine ni kwenda kushika upande wa pili wa mti.

Habari ya sala nitaigusa kwa neno moja, kwa kuwa yenyewe hutaka faragha. Injili isomwayo Jumatano ya Majivu ni ya sura ya 6 ya Mathayo, ambamo Bwana wetu awaagiza wanafunzi wake kusali mlango umefungwa, kutoa sadaka mkono wa kushoto usijue, na wanapofunga kunawa uso na kupaka kichwa mafuta ili watu wasitambue. Na mara baada ya kuisikia twasimama mstari, twapakwa uso majivu ambayo kila mtu atayaona. Wako wanaoona hapo pana kupingana. Mimi nimekuja kuelewa kwamba majivu ni ungamo la wote, la kuwa sisi sote tu mavumbi, na jambo hilo halina siri wala sifa. Lakini kile anachokifanya kila mmoja kwa siku arobaini zinazofuata, hicho hakina budi kufichwa kama mbegu ifichwavyo, kwa kuwa mbegu iliyoachwa juu ya ardhi huliwa na ndege.

Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi na Jumatano ya Majivu ikaangukia Machi 5, hata ikawa katika mitaa mingi ya pwani nyumba ya Kiislamu na nyumba ya Kikristo zinafunga kwa pamoja, ukuta kwa ukuta. Jirani yangu mmoja, shehe mwenye umri, aliniambia barazani kwamba tumbo ni mtoto mdogo, hunyamazishwa upesi, lakini ulimi ni mtu mzima. Na kila magharibi aliniletea sahani ya tambi na maharagwe ya nazi. Nilizipokea, nikala, nikamkumbuka yule mzee wa Misri aliyetandika meza mara sita.

Nirudi kwa mama. Jumatano ya Juma Kuu, usiku, alilifunika kopo lake, lililokaribia nusu kilo, akalitia ndani ya kikapu chini ya kanga, akalipeleka kwa katekista ili ampe mtu ambaye yeye katekista anajua kuwa hana. Jumapili ya Pasaka, tulipotoka kanisani, mjane mmoja wa nyumba ya tatu toka kwetu, mwenye watoto watano, alimtuma binti yake mkubwa kutualika chai, jambo ambalo halijapata kutokea tangu mumewe afariki. Tukaenda. Alikuwa amefagia uwanja, ametandika mkeka, na chai iliwekwa mbele yetu ikifuka moshi, chai ya maziwa yenye mdalasini na tangawizi, tamu mno. Nilipoinua macho nikaona rafuni nyuma yake kopo la maziwa ya unga, lenye bonde kifunikoni. Nikamgeukia mama. Naye alikuwa amekwisha kuliona. Akakiinua kikombe, akanywa mpaka tone la mwisho, akakirudisha polepole juu ya kisahani, akasema, "Chai yako tamu, dada. Nitilie tena kidogo."